Gunia na Stakabadhi Yake

Mtu aingiaye katika ghala la mazao mjini Mbinga wakati wa msimu hupokewa kwanza na harufu, kisha na giza, kisha na vilima vya magunia vilivyopangwa hata kukaribia paa. Lakini akimwuliza mtunza ghala habari za rundo lile la pembeni, kwamba ni mali ya nani, limeingia siku gani, lina uzito gani na ni la daraja la ngapi, mtunza ghala hataligusa gunia hata moja, bali ataifuata meza yake, atafungua daftari, na jibu litatoka katika karatasi. Sheria ya Stakabadhi za Ghala, Na. 10 ya mwaka 2005, imeitia karatasi ya namna hiyo nguvu kubwa, kiasi kwamba mwenye stakabadhi aweza kuuza mzigo au kuuweka rehani benki ilhali mzigo wenyewe haujasogea hata shubiri moja, na wakulima wa mkoa wa Ruvuma, waliokwisha kuuzoea mfumo wa stakabadhi ghalani kwa ufuta, soya na mbaazi, hawahitaji kufundishwa na mtu maana ya jambo hili. Gunia lililopotewa na stakabadhi yake halikupungua ratili wala wakia. Kilichoondoka ni nasaba yake, na pamoja na nasaba imeondoka thamani, kwa sababu hakuna hakimu, mnunuzi wala mwenye mali awezaye kusema kwa yakini kwamba hili ndilo lile.

Faili lililomo katika diski ya kompyuta ni gunia la namna hiyo hiyo. Yaliyomo ndani yake, yawe ni sauti, picha au maneno, ndiyo mazao. Na habari zinazolizunguka, yaani jina lake, ukubwa wake, mwenyewe, saa lilipoandikwa, mahali picha ilipopigwa na jina la aliyenena katika sauti, ndizo stakabadhi. Mafundi huziita metadata, nami nitalitumia neno hilo hapa, nikilibadili mara kwa mara kwa neno la kikwetu, wasifu, kwa kuwa wasifu wa kitu ni maelezo yatolewayo juu yake bila ya kuwa kitu chenyewe. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kuijenga Unix mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani, waliuweka wasifu wa faili mbali na yaliyomo, katika ingizo dogo liitwalo inodi, na jina la faili wakaliweka mahali pengine tena, katika orodha ya folda. Kwa hiyo kitu ambacho jicho la mtumiaji hukiona kimoja kimekuwa tangu siku hizo vitu vitatu, na vitu vitatu vinaposafiri si lazima vifike pamoja.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kuutazama mkusanyo wa sauti za wazee wa Umatengo na wa mwambao wa Ziwa Nyasa. Walikuwamo walioeleza kilimo cha ngolo, kile kilimo cha mashimo yaliyopangwa kama miraba katika miteremko mikali, ambacho watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Kyoto, Ujapani, walikichunguza kwa makini katika miaka ya 1990. Na walikuwamo walioeleza uvuvi wa usipa na mbasa, tabia za pepo za ziwani, na majina ya miamba ambayo leo vijana huipita kwa boti za injini bila ya kuitambua. Sauti hizo zilirekodiwa kwanza katika kaseti, baadaye zikahamishiwa kompyuta, na mwishowe taasisi moja iliyokuwa imezipokea kwa amana ikazinakili katika flashi, na kutoka flashi katika kompyuta mpya, kompyuta ya kwanza ikatupwa. Nilipoyafungua mafaili, sauti zilikuwa salama, safi, pasipo mkwaruzo. Lakini kila faili lilidai kuwa limezaliwa siku moja, alasiri moja, ndani ya muda usiozidi saa. Majina ya wasemaji yalikuwa yameandikwa kama majina ya folda, folda moja kwa kila mzee, na mnakili, kwa nia njema ya kurahisisha kazi, alikuwa ameyamimina mafaili yote katika folda moja. Hakuna aliyeiba wala aliyeharibu. Mtu mwaminifu aliiambia mashine inakili, mashine ikanakili, na wazee wengi, ambao baadhi yao walikuwa wamekwisha kufariki, wakageuka kuwa sauti tu zisizo na wenyewe. Nilikaa mbele ya mashine ile kwa muda mrefu nikiwa na huzuni ambayo sijapata kuieleza vizuri.

Tangu siku hiyo nimeshikilia neno moja, nami nalisema hapa waziwazi: zana ya kutunza wasifu haistahili kuaminiwa kwa sababu imeonekana inafanya kazi mezani, sharti ijaribiwe kwa safari, katika hali zetu, kwa majina yetu na kwa saa zetu, hata ijulikane ni kitu gani huanguka njiani. Na kazi hiyo naifanya kwa mstari wa amri, yaani kwa kuiandikia kompyuta maneno badala ya kubofya vijipicha. Kubofya hakuachi athari. Mtu akibofya leo, na kesho mwenzake akamwuliza alifanya nini, atajibu kwa kukumbuka, na kukumbuka ndiko kulikotushinda hata tukaamua kuhifadhi. Amri iliyoandikwa ni hati, yaweza kutiwa katika daftari, ikasomwa na mwingine, ikarudiwa neno kwa neno baada ya miaka kumi, ikalaumiwa kwa haki au ikasifiwa kwa haki. Fauka ya hayo zana hizi ni nyepesi, kompyuta kuukuu iliyokataliwa mjini huziendesha pasipo taabu, na zikisha kuwekwa hazidai intaneti, jambo ambalo mtu wa Liuli au wa Lituhi, huko mwambaoni, atalithamini kuliko mtu wa Dar es Salaam.

Kuziweka si kazi kubwa, wala sitakawia hapo. Katika mfumo wa Debian amri za msingi, kama stat, touch, cp na sha256sum, huja na mfumo wenyewe; huongezwa exiftool, ambayo Phil Harvey aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 2003 na ambayo husoma wasifu uliomo ndani ya picha na sauti; na huongezwa furushi liitwalo attr, kwa ajili ya sifa za ziada ambazo mtumiaji mwenyewe hubandika juu ya faili. Mimi huyapakua mafurushi nikiwa Songea, huyachukua hadi Mbinga kwa flashi, na kabla ya kuyafungua huyapima tena kama yamefika yalivyotoka. Lakini namwomba kila afanyaye kazi hii aandike katika daftari namba ya toleo la kila zana na tarehe aliyoiweka, kwa kuwa zana nayo ni kitu kilichohifadhiwa, nayo yataka stakabadhi.

Baada ya hapo huja kazi yenyewe. Kabla zana haijaligusa faili la asili hata moja, huiundia folda ya mafaili ya kubuni, yasiyo na thamani yoyote, ila kila moja limebebeshwa shida moja ya kweli iliyotoka katika maisha ya watu wa huku. Kisha huyasafirisha mafaili hayo kwa kila njia ambayo mafaili ya kweli yatasafiri, kwa flashi, kwa simu, kwa mtandao, toka mashine hii hata ile, na mwisho wa safari huuliza: nani amefika, na amefika na nini?

Shida iliyo pana kuliko zote ni saa. Msemaji wa Kiswahili akisema kikao kilianza saa nane mchana, mashine yataka kuambiwa 14:00. Karani aliyechoka akiandika 8:00, zana itakubali bila ya swali, na kikao kitakuwa kimerudi nyuma muda wa saa sita. Hatari nyingine imo katika usiku, maana mzee aliyelelewa katika hesabu ya zamani, ambayo siku huanza jua likichwa, akisema jambo lilitukia usiku wa Jumapili, mashine ikiandika Jumapili imekosea, kwa sababu usiku wa Jumapili wa mzee huyo ndio usiku ambao mashine huuanza ikiwa bado Jumamosi. Tena mashine yenyewe, katika batini yake, haihesabu saa za hapa. Huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa ile saa ya dunia iitwayo UTC, nasi tuko mbele yake kwa saa tatu, hivyo faili lililoandikwa Mbinga saa nane za usiku, tarehe 15 Juni, likionyeshwa na zana ambayo haikuambiwa sisi tuko wapi, litadai liliandikwa saa 23:00 ya tarehe 14. Ng'ambo ya ziwa, Malawi, na upande wa kusini, Msumbiji, saa ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Kwa hiyo simu ya mtu aliye karibu na mpaka, kusini ya Mbamba Bay, ikishika mtandao wa jirani yaweza kujigeuza bila ya kumwarifu mwenyewe, na picha mbili zilizopigwa dakika moja na watu wawili waliosimama juu ya mchanga mmoja zikatofautiana kwa saa nzima. Kamera nazo ziliandika saa kwa miaka mingi bila ya kusema ni saa za wapi, kwani kanuni ya Exif, ambayo kwayo kamera huandika wasifu ndani ya picha, haikuwa na nafasi rasmi ya kuitaja tofauti hiyo mpaka lilipotoka toleo la 2.31 mwaka 2016.

Halafu kuna flashi, ambayo kwa watu wa huku ndiyo mtumbwi wa habari zote. Flashi nyingi hupangwa kwa mpango wa FAT uliorithiwa kutoka zama za diski laini, na mpango huo huihesabu saa ya faili kwa sekunde mbili mbili, hauijui sekunde witiri, wala hauandiki saa hiyo ni ya nchi gani. Faili lililowekwa humo Mbinga saa tatu asubuhi, likinakiliwa katika kompyuta ambayo fundi aliiacha katika UTC, litasadikiwa kuwa ni la saa 9:00 ya UTC, yaani saa sita adhuhuri kwetu. Jaribio langu ni jepesi: kwa amri ya touch -d nalipa faili la kubuni tarehe niitakayo, mathalani 2015-06-15 saa 02:07:31, nalipeleka flashini kwa cp -p, yaani kwa kunakili pamoja na saa zake, nalirudisha, kisha naiuliza stat, isomayo wasifu. Jibu likija 02:07:30, najua kwamba hiyo sekunde moja imebaki flashini, na kwamba zana yoyote inayolinganisha nyakati kwa ukamilifu italiona faili lile lile kuwa ni jingine na kulinakili tena bila ya sababu. Ndiyo maana rsync, zana nyingine ya kunakili, ina chaguo la kuiambia isamehe tofauti ya sekunde moja. Jibu likija na tarehe ya leo, basi mtu amesahau ile -p, nayo ni herufi ambayo ingaliwekwa siku ile katika taasisi ile, nusu ya huzuni yangu isingalikuwapo.

Umeme nao una sehemu katika shauri hili. Ofisi ndogo nyingi hupenda kutumia Raspberry Pi kuwa ghala la mafaili, kwa kuwa ni rahisi na haili umeme mwingi. Lakini matoleo yake ya tangu mwanzo hadi la 4 hayana betri ya kuitunza saa, na umeme ukikatika kisha ukarudi hali intaneti haipo, mashine huamka ikishikilia saa iliyoiandika mara ya mwisho kabla ya kuzimika, kana kwamba muda wa giza haukupita. Mafaili yaliyoandikwa baada ya hapo hubeba saa za uongo zenye sura ya kweli kabisa. Hakuna jaribio la mezani litakaloligundua hili isipokuwa kuchomoa waya kwa makusudi, kusubiri saa mbili, kuuchomeka pasipo intaneti, kuandika faili na kulitazama.

Msomaji makini atakuwa amekwisha kuona jambo la kutisha katika maelezo yangu: ikiwa mimi kwa amri moja naweza kulipa faili tarehe niitakayo, mtu mwingine yeyote aweza. Ndivyo ilivyo. Inodi ina saa nyingine pia, saa ya kubadilika kwa wasifu wenyewe, ambayo touch haiwezi kuipanga, na ingedhaniwa kwamba huyo ndiye shahidi wa kuaminiwa. Walakini saa hiyo haisafiri, kwani nakala mpya huzaliwa na saa mpya. Tarehe inayosafiri yaweza kughushiwa, na isiyoweza kughushiwa kirahisi haisafiri. Nimeitafakari tofauti hii kwa miaka, na sioni njia ya kuikwepa ila moja, kwamba tarehe iliyo muhimu kwa watu isiachiwe saa ya faili hata kidogo, bali iandikwe kwa maneno, katika waraka, na waraka huo utiwe muhuri pamoja na faili.

Nimesema muhuri, na muhuri huo ni alama ya SHA-256, herufi na tarakimu 64 zitolewazo na sha256sum baada ya kulisoma faili zima. Ikibadilika chembe moja ya sauti, alama yote hugeuka. Hapa pana jaribio ambalo wengi hawalifanyi. Wao huandika orodha ya alama, huiendesha sha256sum -c, huona kila mstari ukijibu kwamba ni sawa, nao huridhika. Lakini kumwuliza mlinzi kama kuna mwizi siku ambayo hakuna mwizi si kumpima mlinzi. Mimi hulibadili faili moja kwa herufi moja. Zana hupiga kelele, vema. Hulifuta moja, hupiga kelele, vema. Kisha huongeza faili la kigeni ambalo halimo katika orodha, na sha256sum -c hunyamaza kimya, kwa sababu hukagua waliotajwa tu, wala haiulizi kama ameingia mgeni. Kanuni ya BagIt, iliyokuzwa na Maktaba ya Bunge la Marekani pamoja na Maktaba ya Kidijitali ya California na kuchapishwa kama RFC 8493 mwaka 2018, huliziba pengo hilo: kila kilichomo katika folda ya data sharti kiwe katika orodha, na mgeni hukataliwa. Nayo rsync, ambayo naipenda sana, ina udhaifu wake. Kwa desturi hutazama ukubwa na saa tu, hivyo faili lililooza ndani huku ukubwa na saa vikibaki vile vile hulipita ikidhani ni zima, mpaka iamrishwe kwa -c ilisome lote. Tena -a yake, ambayo watu huidhani yachukua kila kitu, haichukui zile sifa za ziada. Hizo zataka -X. Niliyagundua hayo kwa mafaili ya kubuni, na kwa hiyo sikulipa kitu.

Shida nyingine imo katika herufi moja ya lugha yetu. Neno ng'ambo, ambalo mkazi wa mwambao hulitamka mara nyingi kila siku akitazama upande wa pili wa maji, lina ritifaa katikati yake, na ritifaa kwa kifasiri cha amri ni alama ya kufungua nukuu. Mtu akiandika jina la faili ng'ambo.wav katika amri kama alivyolizoea, mashine haifanyi kitu. Hukaa ikingoja nukuu ifungwe, naye hukaa akiingoja mashine. Hilo ni la dhahiri, nalo hutibika kwa kulifunga jina katika alama za mtajo. Lililo baya ni la siri. Ritifaa iliyonyooka, ya kibodi ya kompyuta, huchukua baiti moja. Ritifaa iliyopinda, ambayo simu nyingi na programu za kuandikia huibadilisha zenyewe, huchukua baiti tatu katika UTF-8. Na machoni pa binadamu neno ni lile lile. Basi folda moja yaweza kuwa na mafaili mawili yenye jina moja kwa msomaji na majina mawili kwa mashine, na mtafutaji akaliona moja, akaapa kwa uaminifu kwamba jingine halipo. Katika folda yangu ya majaribio yamo yote mawili, na zana inayoshindwa kunionyesha kwamba ni mawili naiweka kando. Nayasema haya kwa uchungu kidogo, maana nimeona watu wakiamua kuyaandika maneno yetu bila ya ritifaa, ili mashine isisumbuke, hali mashine ndiyo iliyoundwa kututumikia.

Mengine nayapita kwa haraka: jina lenye nafasi ndani yake, jina linaloanza na kistari ambalo amri hulidhani kuwa ni chaguo, na rekodi ndefu ya video inayozidi gigabaiti nne, ambayo FAT32 haiwezi kuipokea hata nafasi ikiwa tele.

Lakini siwezi kuipita WhatsApp, kwa kuwa ndiyo njia kuu ya picha kutoka ufukweni hadi mlimani. Picha ikitumwa humo kama picha, huvuliwa wasifu wake wote wa Exif, saa ya kupigwa, kamera na mahali, na simu inayoipokea huipa jina jipya lenye tarehe na herufi WA. Tarehe hiyo si ya tukio. Picha hiyo hiyo ikitumwa kama waraka, hufika na wasifu wake. Niliwahi kumwonyesha kijana mmoja wa Mbamba Bay tofauti hii kwa exiftool, picha moja kwa njia mbili, upande huu mistari mingi ya habari na upande ule mistari michache, akaniambia, "Kumbe mzee, miaka yote tumekuwa tukituma mizoga." Neno lake lilikuwa kali kuliko yote niliyokuwa nimeyatafuta.

Picha hiyo hiyo inayofika na wasifu wake huweza pia kumdhuru mtu. Mistari ile ya mahali hutaja nyumba ya mzee aliyekubali kupigwa picha, lakini hakukubali nyumba yake ijulikane duniani. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imelifanya jambo hili kuwa la wajibu, si la hisani tu. Kwa hiyo nakala ya hifadhi hubaki na kila kitu, na nakala ya kutolewa huvuliwa mahali kwa exiftool, na baada ya kuvua nalisoma tena faili kwa zana ya pili, isiyo ile iliyovua. Ikumbukwe pia kwamba kuandika wasifu ndani ya faili hubadili alama yake ya SHA-256, na kwamba exiftool kwa desturi huiacha nakala ya awali ikiwa na neno _original mwishoni mwa jina. Anayepima kwanza kisha akaandika ana ushahidi, anayeandika kwanza kisha akapima ameupima mkono wake mwenyewe.

Kuna jambo ambalo hakuna zana itakayolijua isipofundishwa, nalo ni majina ya mahali. Liuli katika nyaraka za Wajerumani ni Sphinxhafen, kwa ajili ya ule mwamba unaofanana na sanamu ya Misri, na ni hapo ambapo mwezi wa Agosti 1914 meli ya Kiingereza, Guendolen, iliishambulia Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa ukingoni kwa matengenezo, nahodha wake akiwa hana habari kwamba vita vimeanza. Manda, kaskazini zaidi, iliitwa Wiedhafen. Na mwaka 2012 mwambao wa Liuli uligawanywa kutoka Wilaya ya Mbinga ukawa Wilaya ya Nyasa, hivyo barua ya Liuli ya mwaka 2005 na barua ya Liuli ya mwaka 2015 zina wilaya mbili, nazo zote ni sahihi. Mtu akiisahihisha ya kwanza ili ifanane na ya pili ameharibu ushahidi akidhani anasafisha. Mimi huandika jina kama lilivyo katika hati, na kando yake jina la leo, na jaribio langu ni kutafuta kwa jina la leo na kudai zana inirudishie vyote viwili.

Folda ya majaribio ilipokamilika nilizirudia zile sauti za wazee, na tukakaa watu watatu, mmoja wao akikijua Kimatengo na mwingine lugha za mwambao, tukazisikiliza moja moja. Baadhi zilijitaja zenyewe. Mvuvi mmoja, akieleza hatari ya kuvuka ziwa upepo ukigeuka, alisema mwaka jana meli ya Bukoba ilizama kule Viktoria na watu wengi, nasi, kwa kuwa MV Bukoba ilizama mwezi wa Mei 1996, tukaandika 1997, na mbele yake tukaandika sababu. Nyingine zilikaa kimya. Orodha ya zamani ya mkusanyo huo haikukubali nafasi ya tarehe iachwe tupu, na mtu aliyetutangulia alikuwa ameijaza kwa tarehe 1 Januari kila alipokwama. Hivyo jaribio la mwisho nililoliongeza lilikuwa la kuiuliza zana mpya ya kuorodhesha kama itapokea shaka, kwa namna iliyowekwa katika kanuni ya ISO 8601-2 ya mwaka 2019, ambayo 199X maana yake ni mwaka mmojawapo wa miaka ya 1990 usiojulikana, na kama itaipanga shaka hiyo mahali pake pasipo kuigeuza kuwa siku ya kwanza ya mwaka wowote. Ilipokea. Katika faili mojawapo tuliandika: tarehe, 199X, msemaji, hajulikani, mahali, hapajulikani, pengine Umatengo, maelezo, mwanamke mtu mzima, anasema Kimatengo, anaeleza namna ya kulaza majani kabla ya kuchimba ngolo, mvua yasikika juu ya bati, na karibu na mwisho mtoto anamwita, naye anaitika.